Mizani ya Kupimia Wake za Watu

Bwana Afya alipokuja kwetu mara ya kwanza alikuja na vyoo. Mara ya pili alikuja na mbu. Mara ya tatu, wakati ule ambapo bara kulikuwa na Hali ya Hatari na huku kwetu hatari ilikuwa nguruwe mwitu kwenye mihogo, alikuja na chakula. Hakukileta chakula chenyewe. Alileta picha yake.

Picha ilipigiliwa misumari kwenye ukuta wa baraza la chifu. Ilikuwa na yai, samaki mzima, bilauri ya maziwa, pande la nyama, na kitu cha kijani chenye mviringo kama kichwa cha mtu. Bwana Afya alikigusa kimoja kimoja kwa fimbo akasema, "Kula hii. Kila siku."

"Na hicho cha kijani ni nini?" mwanamke mmoja aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kabeji," akajibiwa.

"Inaota wapi?"

"Inaota kwa picha."

Kuhusu mayai, Bwana Afya alijua anachosema. Kila wiki wanawake wetu waliyachukua mayai vikapuni mpaka kwenye nyumba za wazungu pwani ya Diani, na yeye alipokuwa huku alifikia katika mojawapo ya nyumba hizo. Alikula mayai yetu asubuhi, kisha akapanda gari akaja kutuuliza kwa nini hatuli mayai. Sisi kwa adabu hatukumjibu. Isitoshe, kwetu mtoto hapewi yai, wanasema atachelewa kusema. Mimi utotoni sikupewa hata moja, na bado nilichelewa. Mpaka nimeolewa nilikuwa nikisema na watu wazima huku nikitazama kidole gumba cha mguu wangu, kama ndicho kinachoniuliza.

Niliolewa nikiwa nimefika darasa la nne. Mume wangu alikuwa kuli bandarini Mombasa, nami niliishi na mama yake katika mashamba ya nyuma ya Ukunda. Mwisho wa mwezi alikuja na kanzu safi, akala, akasifiwa, akaondoka na basi la alfajiri la kwenda kivukoni. Alikuwa mtu mzuri wa mwisho wa mwezi.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa mvulana. Alipokuwa ameanza kusimama nilishikwa na homa kali, maziwa yakanikatika, ikabidi aachishwe ziwa kabla ya wakati. Akawa anakula tulichokula: ugali wa muhogo, uji wa muhogo, na siku ya kubadilisha, muhogo wa kuchemsha. Chai ya rangi alipewa pia, kwa kuwa alikuwa mtoto wa nyumba ya watu wa heshima. Akaacha kusimama. Akaacha na kucheza. Alikaa mlangoni akilia kilio kidogo kisichokuwa na nguvu, nywele zake zikageuka nyekundu kama makumbi ya nazi, na miguu ikavimba. Nikiibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki. Mashavu nayo yalijaa, hata mpita njia asiyejua angesema mtoto amenenepa.

Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, hakuwa mpita njia. Asubuhi moja alimchukua, akampakata, akaitazama miguu muda mrefu.

"Miguu hii naijua," akasema.

"Labda ni mbu, mama."

"Mbu gani anavimbisha miguu miwili sawasawa? Wewe hutoka hapa ukaenda wapi?"

"Kisimani, mama."

"Na kisimani kuna nani?"

"Kuna wanawake."

"Na njiani?"

"Njiani kuna njia, mama."

Sikukusudia jeuri. Ndilo jibu nililokuwa nalo. Lakini aliniangalia kama nimemtukana, na nikajua tayari lile neno limo kinywani mwake hata kama bado halijatoka.

Neno lenyewe ni chirwa. Kwetu mtoto hupata chirwa mzazi wake mmoja anapotoka nje ya ndoa kabla mtoto hajakua. Anarudi na joto la kitanda cha wengine, anamgusa mtoto, mtoto anaharibika: miguu, nywele, kila kitu. Mzazi mmoja, awe baba au mama, ndivyo desturi inavyosema, na katika hilo ni desturi ya haki kabisa. Ila baba akiwa Mombasa na mama akiwa jikoni, watu wote hutazama jikoni. Kuna ukaribu zaidi.

Kama neno lingetoka, ningerudishwa kwa baba yangu Msambweni, na mtoto angebaki, maana mtoto ni wa kwao. Angebaki na uji wa muhogo na bibi yake mwenye miguu mibovu. Nilijua angekufa. Hilo nililijua bila picha ya ukutani.

Hospitali ya Msambweni ilikuwapo. Basi la kwenda lilikuwapo. Ruhusa haikuwapo. "Ukamwanike mjukuu wangu mbele ya watu?" mavyaa aliuliza. "Mumeo aje kwanza." Na mume alikuwa amepita juzi tu, akamtazama mtoto na kusema, "Amekuwa mzito huyu," akampa kidonge cha pipi.

Hapo ndipo serikali ilipoleta mizani.

Chifu alitangaza nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa kwamba watoto wadogo wote watapimwa uzito, na wale watakaoonekana dhaifu watapewa maziwa ya unga kwenye makopo. Habari hiyo ilibebwa na wanaume mpaka majumbani. Kwa kuwa maziwa hayakuwahusu, waliyaacha njiani. Iliyofika kisimani ilikuwa hii: serikali imepata mizani inayoonyesha chirwa.

"Inaonyesha vipi?" mmoja aliuliza, akiwa ameshika kamba ya ndoo.

"Unamtia mtoto kapuni. Akiwa mwepesi, basi, umekwisha. Dresa wa hospitali anaandika jina la mama."

"La mama tu? La baba haliandikwi?"

"Baba yuko wapi hapo? Wewe shoga unamwona baba hapa?"

Wakacheka, lakini kilikuwa kicheko cha kutazamana. Hakuna aliyekuwa na mtoto mnene. Mihogo ilikuwa ile ile kwetu sote, na wengi walikuwa na waume Mombasa, au kwenye mashamba ya mkonge, au mahali ambapo hapakujulikana vizuri. Mimi nilivuta ndoo yangu.

Aliyetuokoa, au ndivyo tulivyoona siku ile, alikuwa jirani yetu, mke wa mvuvi, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo. Yeye ndiye aliyeleta habari kwamba mizani ya Bwana Afya ilianguka ilipokuwa inashushwa kivukoni Likoni ikavunjika, na kwamba wameazima ile ya duka la njia panda, inayopimia mbata, zile nazi kavu.

Mizani ile tuliijua. Hakuna aliyepeleka gunia la mbata pale likafika na uzito wake. Iliiba ratili mbili kila mara, hata gunia likiwa dogo, kama vile ina watoto wa kulisha.

"Basi na watoto wetu itawaibia," akasema mmoja.

"Isiwaibie kwa nini? Imezoea."

"Astaghfirullahi. Tutafedheheka bure."

"Hatufedheheki," mke wa mvuvi akasema. "Inachoiba tutakirudisha. Si wizi kurudisha."

Alikwenda nyumbani akatoa chubwi, zile risasi nzito ambazo wavuvi hufunga kwenye mshipi ili uzame. Akaonyesha namna. Moja inaingia ndani ya ngozi ya hirizi, pale penye karatasi ya aya. Mbili zinashonwa kwenye kigwe cha kiunoni. Mtoto mkubwa hubeba tatu au nne bila kulalamika. Kufikia siku ya tatu hapakuwa na chubwi hata moja katika vijiji vyote vya nyuma ya Diani. Wavuvi walitupa mishipi baharini ikaelea juu kama nywele, wakarudi mikono mitupu wakitukana bahari. Kwa hiyo wiki ile ya kupima lishe ya watoto, watoto hawakuonja samaki kabisa.

Mimi sikumshonea mwanangu kitu. Si kwa uaminifu. Nilikuwa naogopa sindano itamchoma, ngozi yake ilikuwa imeanza kubanduka. Mavyaa ndiye aliyefanya kazi hiyo. Usishangae. Aibu yangu ilikuwa aibu yake; mke wa mwanawe akiwa mzinzi, mwanawe ni bwege. Alishona kigwe kwa mkono wake, akakifunga, akasema, "Utanyamaza." Kuniambia mimi ninyamaze ilikuwa kama kumwambia samaki aoge.

Tulipimiwa katika banda la mbata. Bwana Afya alikaa kwenye kiti cha turubai, kofia magotini, akionekana kuwakumbuka mbu kwa hamu. Dresa, kijana wa bara mwenye kaptula ya kaki, alisimama kando ya mizani. Chifu alisimama popote palipokuwa na kivuli. Mizani ilining'inizwa kwenye boriti na chini yake kapu lile lile la mbata, likiwa bado na mafuta.

Watoto wakaanza kupanda. Sijawahi kuona watoto wazito namna ile. Mtoto wa miezi minne alipima kama wa mwaka, na wa mwaka akapima kama anayekwenda chuoni. Walipotiwa kapuni waligonga. Mtoto wa mke wa mvuvi alipopandishwa alilia ko, ko, ko, mama yake akakohoa kufunika sauti.

"Mtoto hii mzuri sana," Bwana Afya akasema. Dresa akanyoosha mkono kuishika hirizi, Bwana Afya akamzuia. "Wacha. Dini." Alikuwa amefundishwa mahali fulani kwamba watu wa pwani wasiguswe hirizi zao. Basi hirizi zikapimwa pamoja na Waislamu wake.

Ikafika zamu yangu. Nilimtia mwanangu kapuni kwa mikono miwili. Kwa uvimbe wa maji na risasi za mavyaa, mshale ulikwenda mbali. Bwana Afya akasogea, akambana shavu lake lililojaa maji, akacheka.

"Mnono!" akasema. "Chakula mzuri!"

Mavyaa akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu aliyesifiwa kwa upishi.

Walipomaliza, chifu akatoa hotuba. Alisema kwamba siku zote alijua, ila sasa serikali imeona kwa macho yake: katika eneo lake hakuna mtoto dhaifu, wala njaa, wala uvivu. Alisema maneno hayo akielekea kiti cha turubai. Kisha dresa akasema, kwa Kiswahili chake cha bara, "Haya, mama zangu, asanteni. Maziwa tulileta, lakini nyinyi hamuhitaji. Tutapeleka huko Mkongani." Akaashiria lori.

Maziwa. Nilitazama lori. Nyuma yake kulikuwa na masanduku, na kwenye sanduku lililofunguliwa makopo yaling'aa yamepangwa. Hapo ndipo habari iliyoachwa njiani na wanaume iliponifikia, nikiwa na mtoto begani, anapumua mdomo wazi. Wapagazi walikuwa wanafunga turubai.

Wanawake wengine nao waliyaona. Nilimwona mke wa mvuvi anayatazama, anamtazama mwanawe, anatazama chini. Hakuna aliyesogea. Kuyapata yale makopo ilibidi uwe mwepesi, na kuwa mwepesi ilikuwa kukiri.

Nilirudi kwenye mizani. Watu huniambia ulikuwa ujasiri, wakiwa na nia njema. Ukweli ni kwamba mtu mwenye haya akishasimama mahali ambapo wote wanamwona, kurudi nyuma ni kazi kubwa kuliko kuendelea. Nilimlaza mwanangu juu ya meza ya dresa. Nikafungua kigwe. Nikavua hirizi. Nikaviweka mezani, vikatoa mlio. Nikamtia mtoto kapuni uchi kama alivyozaliwa.

Mshale ukashuka. Ukashuka tena. Nadhani mizani nayo iliiba ratili zake mbili, kwa mazoea.

Dresa aliangalia mshale, kisha mtoto. Alibonyeza mguu kwa kidole gumba na kutazama shimo likibaki. Uso wake ukabadilika. Akaokota kigwe.

"Hii ni nini, mama?"

"Chubwi," nilikiambia kidole changu cha mguu.

"Ya kazi gani?"

"Ya kuvulia samaki."

"Huyu mtoto anavua samaki?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia. Bwana Afya alikuja, wakasema Kizungu, na shingo ya Bwana Afya ikawa nyekundu kuanzia kwenye kola kwenda juu. "Wote!" akapiga kelele. "Vua! Rudia wote!" Lakini wanawake walikuwa wameshaanza kuondoka. Hawakukimbia, maana si adabu. Walitembea upesi sana huku wamekumbatia watoto wao, na njia nzima ikasikika ikigongagonga mpaka walipokata kona.

Tukabaki mimi, mtoto, mavyaa na chifu, ambaye hotuba yake ilikuwa bado haijapoa. Nilipewa kopo moja kubwa na maelezo: maji yachemke, vijiko viwili, mara tatu kwa siku, na maharage ya kusaga, na samaki akipatikana. Samaki, nilitaka kumwambia dresa, atapatikana chubwi zikirudi.

Mavyaa alitangulia njiani. Hakugeuka.

"Umetuvua nguo," akasema.

Nilikuwa na jibu zuri sana la maneno hayo. Nililipata siku ya tatu, nikiwa peke yangu natwanga, nikalisema kwa kinu.

Neno likatoka, kama nilivyojua. Kisimani walinipisha. "Mpisheni, ana kopo," walisema, na, "Mwenzetu amesaidiwa na serikali, sijui serikali ipi." Neno hilo chungu nililipata kutoka kwa wanawake ambao watoto wao nilikuwa nimewasikia wakigonga. Mume akaitwa kutoka Mombasa, na baba yangu akaitwa kutoka Msambweni. Chirwa ina njia yake: wazazi wote wawili hukaa mbele ya mganga, hupewa maji ya dawa katika kikombe kimoja, mbele ya wazee. Asiye na lake hunywa tu. Mwenye lake hulisema kwanza, kisha hunywa. Akinywa amenyamaza, wanasema tumbo litamsemea.

Kati ya kuitwa kwao na kufika kwao, mtoto alikunywa maziwa. Siku za kwanza aliyatapika. Kisha akaacha kutapika. Kisha asubuhi moja akanyoosha mkono akakamata kijiko akanipiga nacho, na mimi nikalia kama mjinga, kwa sababu alikuwa na miezi hajampiga mtu.

Mume wangu alifika na kanzu safi. Baba yangu alifika na bakora yake. Mganga akakoroga mizizi yake, akasema maneno yake, akatuwekea kikombe katikati.

"Mwanamke kwanza," wakasema wazee. Ni moja ya mambo machache ambayo mwanamke huanza.

Nilikichukua nikanywa. Kilikuwa kichungu kama shubiri. Nikakisogeza kwa mume wangu.

Alikishika. Akatazama ndani yake, kama mtu anayetafuta nzi.

"Basi la kivukoni," akauliza, "linapita saa ngapi leo?"

"Basi?" mzee mmoja akasema. "Umefika sasa hivi."

"Nina zamu ya usiku. Meli imeingia."

"Kunywa kwanza, yakhe. Ni funda tatu tu."

"Nitakunywa nikirudi."

"Kunywa, mwanangu," mavyaa akasema. Sijawahi kusikia sauti ile kwake. Alikuwa anamwomba.

Mume wangu akakiweka kikombe chini taratibu, kama anamlaza mtoto aliyepata usingizi. Akasimama, akakung'uta kanzu.

Halafu baba yangu akamuaga mganga, akawaaga wazee, akajifunga kilemba chake upya bila haraka. "Mkwe ana kazi," akasema kwa upole mkubwa. "Kazi ni kazi. Tusimcheleweshe." Akamsindikiza mpaka barabarani, akamshika mkono, akamtakia safari njema. Kwa watu wa kwetu ungekuwa uungwana zaidi kumpiga na ile bakora.

Mganga alibaki na nusu kikombe. Aliufikiria mtaji wake, akasema dawa yake ikinywewa nusu hufanya kazi nusu. Uvimbe wa miguu ya mtoto ulipokwisha kabisa na nywele zikaanza kuota nyeusi kwenye shina, akasema hakujua mwenyewe kama dawa yake ina nguvu kiasi hicho. Bwana Afya naye aliandika, nilivyosikia, kwamba picha ya ukutani imeanza kueleweka. Chifu alisema ni uongozi. Mimi nilikuwa nachanganya maziwa tu.

Mavyaa hakuniomba radhi. Alilichukua kopo akalifungia katika kasha lake pamoja na sanda yake na udi, akawa anapima vijiko mwenyewe, vimejaa zaidi ya alivyosema dresa. Na aliacha kuniuliza njiani kuna nani.

Wanawake walianza kuja. Walikuja mmoja mmoja, wakati wa kuazima moto, na wote walikuwa na swali lile lile, lililozungushwa namna mbalimbali: hivi kweli hakunywa? Hakunywa, nilisema. Hata kidogo? Hata kidogo. Mke wa mvuvi alishusha sauti kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha akasema, "Kumbe kikombe kina pande mbili," akaenda zake.

Bwana Afya aliporudi, watoto walipanda kapuni bila kigwe, bila hirizi, mbavu zao zikihesabika toka mbali. Mshale ulikuwa na kazi ndogo siku ile. Dresa aligawa makopo mpaka lori likabaki tupu, na wanawake wakayabeba vichwani mchana kweupe. Kuhusu waume, wengi walikuwa na safari. Hata wale wasiokuwa na kazi Mombasa walikumbuka jambo Mombasa. Waliobaki walikaa barazani wakazungumza habari za mvua.

Mume wangu alirudi baada ya miezi miwili, na sukari na kanga. Mavyaa alimpokea sukari. Tulipobaki wawili mume wangu aliniuliza, bila kunitazama, kitu ambacho nadhani alikibeba tangu siku ile ya kikombe.

"Nani alikwambia umvue mtoto mbele za watu?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini?"

"Alikuwa na njaa," nikasema.

Niliona uso wake. Angeniita mzinzi na mimi nimwite mzinzi, tungegombana mpaka asubuhi, wazee wangekuja, ingekuwa hadithi nzuri yenye watu ndani yake. Njaa haina watu ndani yake. Ina sufuria, na mtu ambaye hakuitia kitu. Kwetu nyumba itakubali kuitwa ya wazinzi kabla haijakubali kuitwa ya wenye njaa, na picha nzima ya ukutani, na mizani, na kikombe, na hotuba, kila kimoja kilikuwa kimepita kando ya neno lile kwa adabu.

"Usiseme hivyo mbele ya mama," akasema.

"Mama anajua."

Hakuniacha, wala hakunywa. Mwezi uliofuata alileta maharage, kiasi cha mfuko, akayaweka mlangoni kama ameyaokota njiani.

Mtoto sasa anakimbia. Huwatupia mawe kunguru, huiba mabibo ya jirani, na akishikwa hulia kwa sauti inayosikika mpaka kisimani. Watoto wenzake, ambao nao walikunywa makopo yale yale kutoka lori lile lile, wanamwita Chirwa. Nimewakataza, mavyaa amewafukuza kwa fimbo. Haisaidii. Wanamwita, naye anaitika, anakwenda kucheza.